Dizeli ya Sagana

Kwa miaka mitatu nilikuwa abiria wa mara kwa mara wa shirika la ndege, na ndege yenyewe sikuwa nimeipanda hata siku moja. Nilikuwa na kadi iliyosema hivyo. Ilikuwa ya plastiki, rangi ya buluu, ina picha ya mkia wa ndege, na jina langu limechapwa kwa herufi zilizoinuka, ukizipapasa unazisikia. Nilizipapasa sana. Kwenye mkutano wa walimu, mkono uko ndani ya mkoba, napapasa. Kanisani, napapasa. Mimi si mtu wa kutulia. Tangu utotoni mama yangu alikuwa akiniambia nikae chini niwaachie watu hewa, na miaka hiyo ya tisini nilizidi, maana nilikuwa na safari moja tu moyoni na nauli yake sikuwa nayo.

Nilikuwa mwalimu mkuu wa shule moja ya msingi Nyeri, nikipanga nyumba Ruring'u, karibu na uwanja wa michezo. Kwetu ni Kitui. Watu wa kwetu hatukuwa wachache pale mjini: polisi, askari jela, walimu, makarani wa serikali, watu walioletwa na barua ya uhamisho wakakaa mpaka watoto wao wakawa wanaota kwa Kikuyu. Mume wangu alikuwa karani wa mahakama. Alifariki mapema, akaniacha na binti mmoja na deni la kabati. Binti alisoma uuguzi, akapata kazi Uingereza, akaolewa huko na kijana wa Machakos aliyekuwa akifanya kazi za zamu kama yeye. Huyo binti ndiye safari yenyewe.

Alipoteza mimba yake ya kwanza ikiwa na miezi saba. Alinipigia simu kwenye ofisi ya shule wakati wa mapumziko ya saa nne, watoto wanapiga kelele uwanjani, nikaziba sikio moja kwa kiganja. Akasema, "Mama, mtoto hakukaa." Nikamwuliza uko na nani hapo, akasema yuko peke yake, mumewe ameshikwa kazini. Nilitaka kumwambia nakuja. Nilifungua mdomo kabisa niseme. Lakini nakuja na nini? Nilikata simu, nikatoka ofisini, nikashuka moja kwa moja hadi kwa jirani yangu bila hata kumwambia naibu wangu kwamba natoka.

Huyu jirani ndiye mtu mwingine ambaye lazima umjue. Alikuwa mjane wa sajini wa polisi, mtu wa kwetu, amenizidi miaka kama sita hivi, mnene, mwenye sauti ya kuamrisha aliyoirithi kwa marehemu mumewe pamoja na redio. Mimi nilimwita dada, yeye aliniita Mwalimu, hata tukiwa wawili jikoni. Alikuwa mwenyekiti wa chama chetu cha watu wa Kitui, na baada ya kifo cha mume wangu aliniweka mimi kuwa mwandishi wake na mtunza pesa, akisema huyu akikosa kazi atatuumiza kichwa. Hakukosea.

Chama kilikuwa na kazi moja kubwa. Kwetu mtu hazikwi ugenini. Akifia Nyeri, sharti arudi Kitui, alale kwenye shamba la babake. Mtu akifa tunakutana jioni katika chumba cha kanisa Ruring'u, tunachanga, tunanunua mbao seremala atengeneze jeneza, tunanunua chakula, tunaomba basi la kanisa na kulitia mafuta, halafu alfajiri msafara unateremka: Karatina, Sagana, Kenol, Thika, kisha tunaingia barabara ya kwetu, vumbi linaanza, na akina mama wanaanza kuimba. Hivyo ndivyo tulivyompeleka mume wangu. Na hivyo ndivyo nilivyotokea kuwa abiria wa mara kwa mara.

Aliyenifungua macho ni mwenye duka la vifaa vya ujenzi pale mjini, mzee wa Kihindi aliyezaliwa Nyeri na kuzungumza Kikuyu kunishinda mimi mara kumi. Nilikuwa nimekwenda kununua mbao za marehemu fulani. Benki, kwa kushirikiana na shirika la ndege, ilikuwa imenipa ile kadi ya kununulia kwa mkopo majuzi tu, na mimi nilikuwa nimeificha chini ya godoro kwa woga. Mzee akaniona natoa noti kutoka kwenye bahasha ya chama, akatikisa kichwa. "Mwalimu, huna kadi? Mimi kila mwaka nampeleka mke wangu kwa dada yake Gujarati na silipi nauli. Kila kitu nanunua kwa kadi. Petroli, simenti, hata dawa ya meno. Kisha mwezi ukiisha nalipa benki yote, sibakizi hata senti, wasinile riba. Pointi zinageuka maili, maili zinageuka kiti." Alisema kwa utulivu kabisa, huku akipima misumari.

Sikulala. Maili zinageuka kiti! Kesho yake nilifunua godoro.

Na hapa nataka nieleweke vizuri, kwa sababu nimeyafikiria mambo haya miaka mingi. Sikula shilingi ya mtu. Nilichofanya ni hiki: watu wanachanga taslimu, mimi nalipa kwa kadi yangu, kisha zile taslimu nazipeleka benki siku hiyo hiyo kulipia kadi. Vitabu vya chama vilikuwa safi, mtu yeyote angeweza kuvifungua. Pointi tu ndizo zilizobaki kwangu. Sikumwambia mtu. Nilijiambia si jambo la kusema, ni kama mtu anayebaki na kamba iliyofungia mzigo.

Lakini kamba nayo inanoga. Mshahara wangu, hata nikinunua kila kitu kwa kadi, ulikuwa hautoi pointi za maana. Mwalimu ananunua nini? Unga, sabuni, mafuta ya taa. Pointi za kweli zilikuwa kwenye chama. Nikaanza kuwa mtu wa kujitolea kila mahali. Harusi ya binti wa koplo, niachieni manunuzi. Ubatizo, niachieni. Paa la kanisa, mabati mia mbili na zaidi, nilimwendea kasisi mwenyewe nikamwambia mimi nitashughulika, wewe ombea tu. Watu wakanisifu sana. Huyu mwalimu ana moyo, walisema. Moyo upi? Nilikuwa natoka kwenye sifa hizo nikiwa naruka, nakwenda posta kufungua sanduku kuona kama taarifa ya benki imefika, na huku najua vizuri taarifa inakuja mara moja tu kwa mwezi. Kutoka Ruring'u hadi posta na kurudi, kwa miguu, kila siku. Viatu vyangu vyote vya miaka ile vililika upande mmoja.

Kisha nikaanza kuharibu. Vituo vya mafuta vya Nyeri na Karatina tulivyozoea vilitaka taslimu. Kituo kilichokubali kadi kilikuwa Sagana, kwenye njia panda, na dizeli yake ilikuwa na bei ya juu kidogo. Kidogo tu, nilijiambia. Nikatoa amri msafara ujaze Sagana. Alikuwepo mzee mmoja, askari jela mstaafu, mwenye pikapu iliyobeba majeneza yetu yote, mtu wa maneno. Kila tukifika pale alitoa kichwa dirishani. "Mwandishi! Nimepita vituo vinne nikifumba macho kama ulivyosema. Ati dizeli ya Sagana ni tamu?" Watu wanacheka. Mimi namwambia pale hawachanganyi na maji. Uongo mtupu.

Kisha kulikuwa na vishikio vya jeneza. Yule mzee wa duka alikuwa na vya chuma vya kawaida, na vya shaba vinavyong'aa. Alipofariki koplo mmoja wa trafiki, nilisimama mbele ya kamati nikasema, kwa sauti ya huzuni, kwamba mtu aliyelitumikia taifa anastahili shaba. Sita. Nani angepinga? Hakuna anayesimama mbele ya mjane kutetea vishikio vya chuma. Jirani yangu peke yake ndiye aliyeniangalia kwa muda, mikono yake ikiendelea kusuka kiondo, kikapu cha mkonge, maana alisuka hata mkutanoni. Kisha akaniambia niandike kwamba imepita.

Binti yangu akapata mimba tena. Alinipigia mwezi wa pili, akiwa na hofu hata ya kulitamka jambo lenyewe. Mtoto angezaliwa mwanzoni mwa Oktoba. "Mama," aliniambia, "safari hii sitaki kuwa peke yangu." Nikamwambia, "Hutakuwa. Nakuja." Neno likatoka, likaenda, haliwezi kurudi. Nikatafuta pasipoti, nikatafuta visa, nikasimama kwenye foleni Nairobi mpaka miguu ikavimba, nikaipata. Sasa visa ilikuwa imegongwa kwenye pasipoti, na ina mwisho wake. Kiti kilitaka pointi elfu sitini. Mimi nilikuwa na hamsini na sita.

Ndipo mambo yakasimama. Juni hakukuwa na harusi. Paa la kanisa lilikuwa limekwisha. Julai nzima, baridi ya Nyeri ile ya kuingia kwenye mifupa, ukungu hadi saa tano asubuhi, na hakufa mtu. Nasema kama nilivyohisi wakati ule. Hakufa mtu, na mimi nikawa nakasirika. Nilikuwa natembea nyumbani kutoka chumbani hadi jikoni, kutoka jikoni hadi chumbani, nahesabu wiki kwenye kalenda ya ukutani iliyotolewa na duka la dawa. Naibu wangu shuleni akaniuliza kama naumwa. Nikamfokea.

Mwezi wa nane, jirani yangu alilazwa hospitali ya mkoa. Tumbo. Alikuwa amelificha kwa miezi mingi, akinywa magadi na maji moto, na sasa madaktari walisema limefika pabaya. Nilikwenda kila siku baada ya shule, nikimpelekea uji kwenye chupa. Nilimsafisha, nikamsuka nywele, nikamfulia leso. Mtu akiniangalia angesema nampenda, na ni kweli, nilimpenda, hakuna mtu Nyeri niliyempenda kama yeye. Sasa sikia nilichofanya. Siku moja nilimfuata muuguzi hadi kwenye ujia nikamwuliza kwa sauti ya chini, "Dada, mgonjwa wetu atavuka mwisho wa mwezi?"

Muuguzi akasema ni vigumu kujua, tumwachie Mungu. Mimi nikabaki pale nimeshika chupa tupu. Kwa nini nimeuliza mwisho wa mwezi? Si mwisho wa wiki, si Krismasi. Mwisho wa mwezi ndiyo siku benki ilipofunga hesabu za pointi. Nilitoka hospitali bila kuaga, nikateremka mjini, nikazunguka sokoni, nikapanda tena, nikateremka tena, mvua ya rasharasha inanipiga usoni. Nilikuwa najiambia kwa sauti, wewe mwanamke umekuwa nini? Umekuwa fisi? Mama mmoja mwenye kabichi akanihama njiani.

Kesho yake nilikwenda nikiwa nimeamua kukaa kitako na kunyamaza. Alikuwa ameegemezwa kwenye mito miwili, amepungua nusu, lakini macho yake ni yale yale. Nikamimina uji. Akaupokea, hakuunywa.

"Mwalimu," akasema, "umebakiza ngapi?"

"Ngapi nini?"

"Pointi. Usinifanye mjinga. Mimi naumwa tumbo, siumwi kichwa."

Haki ya Mungu, nilitaka sakafu ifunguke. Nikaanza kusema dada, unasikia, mimi sikuchukua chochote, vitabu viko wazi. Akainua mkono.

"Vitabu nimevikagua kabla ualimu wako haujazaliwa. Nimekuuliza umebakiza ngapi."

"Elfu moja na mia mbili," nikasema. Nilikuwa nimekusanya kidogo kidogo, kwa unga na sabuni.

Akafikiri. Akaangalia dari. "Na mimi nitatosha?"

"Dada, nyamaza."

"Ninyamaze niende wapi? Nimekuuliza swali la hesabu, na wewe ni mwalimu."

Nikainamisha kichwa kwenye blanketi lake. Akaendelea kuzungumza juu ya kichwa changu kana kwamba anapanga ratiba ya harambee. Alisema alijua tangu maziko ya koplo. "Vishikio sita! Yule mtu alikuwa mwembamba, angebebwa na watu wawili na mmoja wao akivuta sigara. Nikajua hapa kuna jambo. Halafu kila ukitoka pale Sagana unaikunja risiti kama noti ya elfu. Nikamwuliza yule mzee wa duka, akanieleza yote, alidhani najua."

"Na hukunisema."

"Nilikasirika mwaka mzima," akasema. "Dizeli ya bei ghali kwa pesa za wajane! Nilikuwa nimeshapanga maneno ya kukusema mkutanoni, uone haya mbele ya watu. Kisha nikakumbuka ile siku binti yako alipopoteza mtoto. Ulikuja kwangu, hukusema kitu, ukaosha vyombo vyangu vyote. Hata vile safi. Ukavitoa kabatini ukaviosha. Nikasema basi, wacha aendelee. Lakini ungeniambia, Mwalimu. Ungesema tu. Wewe unadhani watu wangekunyima dizeli?"

Ni kweli, sikuwa nimefikiria hata mara moja kwamba ningeweza kuomba. Nilijua kukimbia tu, nilijua kuzunguka. Kuomba kunataka mtu akae chini.

"Sasa sikiliza," akasema. "Nikifa, unalipa kwa kadi. Vishikio vya shaba, nane. Mimi si mwembamba."

"Sitaki."

"Usitake, lakini ulipe." Ndipo akaunywa uji, akalalamika hauna sukari.

Alifariki siku tisa baadaye, mchana, mwanawe akiwa pembeni yake. Mwanawe alikuwa mwalimu wa ufundi Embu, mtu mzima mwenye watoto wake, mpole, hakurithi ile sauti. Mimi nilikuwa darasani. Nilipoletewa habari niliweka chaki mezani taratibu, nikawaambia watoto wasome ukurasa unaofuata, na sikulia. Sikuwa nimelia katika maziko yoyote ya chama tangu nipate kadi. Yalikuwa kumi, nilikuwa nashughulika.

Nikaamua jambo moja, na nililiamua kwa hasira, meno yamekazana. Kwa huyu sitatumia kadi. Wacha nikose kiti. Binti yangu nitamwambia nini, sijui, nitamwambia nimeshindwa, mama yako ameshindwa. Lakini huyu mtu sitamgeuza maili. Nilikwenda kwa mzee wa duka na bahasha ya chama, nikanunua mbao na vishikio nane vya shaba. Akaangalia noti zinavyotoka.

"Leo taslimu, Mwalimu?"

"Leo taslimu."

Akafunga vishikio kimoja kimoja kwenye gazeti. Chenji alinirudishia kwa mikono miwili.

Tuliondoka alfajiri ya Ijumaa. Pikapu mbele na jeneza, basi nyuma yake, na nyuma ya basi magari madogo sita, maana alikuwa mtu wa watu. Mimi nilikaa kiti cha mbele cha basi, mkoba mapajani, taslimu za mafuta ndani ya mkoba. Tulipokaribia Karatina nikamwambia dereva, "Leo tutajaza hapa Karatina. Ni bei nafuu."

Dereva akaendelea kuendesha. "Tunajaza Sagana, Mwalimu."

"Nani amesema?"

"Watu."

"Watu gani? Mimi ndiye mwandishi!"

"Watu tu," akasema, na Karatina ikatupita. Nilisimama ndani ya basi, nikageuka kuwaangalia wale waliokaa nyuma yangu. Akina mama wote wakawa wanaangalia nje, kila mmoja ameona kitu cha maana sana kwenye mashamba ya watu.

Sagana tuliingia wote. Pikapu ikaingia, basi likaingia, na yale magari sita, moja baada ya jingine, yakapanga foleni kwenye pampu mpaka mengine yakabaki barabarani yamewasha taa. Nilishuka haraka na noti mkononi, nilipe niondoke kabla sijaanza kufikiri. Mwana wa marehemu alikuwa amesimama kando ya pampu ananingoja.

"Mama, rudisha hizo," akasema.

"Niache nilipe, mwanangu. Leo ni taslimu."

"Mamangu alisema utafanya hivi. Alisema ukitoa taslimu nikukatalie, na kama hunisikii nikae mbele ya gari." Maskini, hakuwa mtu wa kubishana na wakubwa. "Kila mtu aliyekuja kumwona hospitali alimwambia. Alisema watu wasitie mafuta popote mpaka hapa. Wengine wamekuja na mafuta ya kijiko tu."

Nikaangalia ile foleni. Makarani, polisi waliostaafu, mama muuza mitumba aliyekodi gari na wenzake wanne. Kumbe wote walijua. Tangu lini? Wote walikuwa wametoa mikono madirishani na kila mkono una noti, wananiita mimi, Mwalimu, kuja uchukue. Yule askari jela mstaafu alishuka kwenye pikapu, akavua kofia kwa heshima ya aliyelala nyuma, kisha akamgeukia mama wa kituo aliyeshika bomba.

"Jaza," akasema. "Jaza mpaka imwagike. Leo ni tamu."

Wacha nilie. Nililia kwa ajili ya wote kumi niliowapeleka kwao nikiwa nahesabu, kwa ajili ya koplo mwembamba na vishikio vyake sita, na kwa ajili yake yeye aliyekuwa pale hatua tatu kutoka kwangu, ndani ya mbao nilizozilipia taslimu kwa kiburi. Nilitoa kadi. Wakati ule kadi ilibanwa kwenye mashine ya mkono, juu yake karatasi yenye kaboni, inasukumwa mbele na nyuma, krrap krrap, kisha unatia sahihi. Magari manane, karatasi nane. Ya kwanza nilitia, ya pili nilitia. Ya tatu mama wa kituo aliigeuza, akaiangalia, akaangalia kadi, akaniangalia mimi.

"Mama, hii sahihi haifanani na ya kadi."

"Ni yangu."

"Najua ni yako, lakini haifanani. Benki watanirudishia." Akasita. "Ngoja kidogo. Ufute macho. Hatuko na haraka."

Nikangoja. Mimi, nikangoja! Watu wote wakangoja, injini zimezimwa, na mwenyekiti wetu naye akangoja, yeye ambaye mkutano ukichelewa dakika tano alikuwa anagonga meza. Kisha nikatia sahihi zilizobaki, polepole, kama mtoto wa darasa la kwanza. Kutoka Sagana hadi Kenol nililia tena, na hakuna aliyeniambia ninyamaze. Kenol tulikunywa chai.

Taarifa ya benki ilipofika posta, pointi zilikuwa zimetosha na kuzidi kidogo. Kwenye mkutano uliofuata nilisimama nikawaeleza watu mwanzo hadi mwisho, na tofauti ya bei ya dizeli ya miaka yote mitatu nikairudisha kwenye chama kwa mshahara wangu, mwezi kwa mwezi. Wakaniacha niwe mwandishi. Lakini mtunza pesa wakamchagua mwingine, na walifanya vizuri.

Niliondoka Nairobi siku kumi na moja kabla ya siku ya binti yangu kujifungua. Nilikuwa na kiondo mapajani, kile alichokuwa anasuka marehemu mwenyekiti mikutanini. Mwanawe alinikabidhi kikiwa hakijamalizwa mdomo, nyuzi zinaning'inia, na ndani nilikuwa nimeweka nguo za mtoto. Nilijifunga mkanda mapema kuliko wote. Mhudumu, msichana nadhifu mwenye karatasi ya majina, akapita akitabasamu, akasimama kwangu.

"Karibu tena, mama. Naona wewe ni abiria wetu wa mara kwa mara." Akataka kuniwekea kiondo juu, nikamwambia niachie. Akaangalia kiti cha kando yangu, kilikuwa hakina mtu. "Safari hii uko peke yako?"

Nikamwambia ndiyo, safari hii niko peke yangu. Zile nyingine zote nilikuwa nampeleka mtu kwao.